Dogo ni mrefu, lakini bado ni dogo

Kwenye kipindi cha wiki iliyopita niligusia kidogo habari ya mdogo wangu na pikipiki, nikaahidi kuiandika yote hapa. Wengi mmeuliza. Basi ndo hii, pamoja na ile sehemu ambayo mama alisema "hiyo usitangaze", halafu siku mbili baadaye akanipigia akasema, "Haya, iandike. Ila iandike vizuri."

Tuanze na jina. Dogo ana miaka 15, na tangu mwaka jana wimbo wake ni mmoja: anataka pikipiki zile za kuendesha msituni, zenye tairi za meno makubwa na shokapu ndefu, zisizo na indiketa wala saitimira. Mi sikujua kwa Kiswahili zinaitwaje. Nikamtumia mjomba wangu wa Muheza ujumbe wa sauti: "Shikamoo mjomba. Dogo huku anataka pikipiki ya vumbi. Nyie huko mnaiitaje?"

Jibu lilianza na kicheko kirefu. Halafu: "Marahaba mwanangu. Pikipiki ya vumbi? Kwani kuna pikipiki isiyo ya vumbi?"

Na kweli. Kama hujawahi kufika, Muheza iko mkoa wa Tanga, nchi ya machungwa, na ukitoka mjini unapanda milima ya Usambara Mashariki kwenda Amani kwenye udongo mwekundu ambao kiangazi ni vumbi na masika ni sabuni. Bodaboda za kule, Boxer na TVS, ni pikipiki za lami kwa umbo tu. Kazi yao ni mawe, tope, magunia ya machungwa, na abiria wawili watatu waliopangwa nyuma ya dereva. Kupanga watu hivyo kunaitwa mishikaki, kama nyama kwenye kijiti. Mjomba ni fundi wa pikipiki hizo. Ana kibanda chake chini ya mwembe, na anachechemea mguu wa kulia. Huo mguu tutaurudia.

Kwa hiyo nyumbani kwetu Scarborough tukakubaliana: inaitwa pikipiki ya vumbi, mjomba acheke anavyotaka.

Sasa, shida. Dogo ana sentimita 188 na bado anaongezeka. Mara ya kwanza kupanda pikipiki ilikuwa shambani kwa familia ya rafiki yake wa shule, upande wa Peterborough. Walimpa ndogo ya kujifunzia. Nina video yake: magoti yanagonga usukani kila akikata kona, mgongo umepinda, anaonekana kama babu aliyeazima baiskeli ya mjukuu. Lakini uso wake! Huyu mtoto ambaye nyumbani anajibu maswali yote kwa "mm" alikuwa anacheka peke yake katikati ya shamba la mtu.

Akaanza kuweka pesa. Alifyeka nyasi za majirani majira ya joto, akasafisha theluji majira ya baridi, mpaka akafika dola 3,000 na kidogo. Baba akasema akifikisha hela, sawa, lakini mama lazima akubali. Mama akasema hapana. Hakueleza. Alisema, "Kwetu pikipiki imeshachukua mguu mmoja, unatosha," akaendelea kukunja nguo.

Mimi nikawekwa katikati, kama kawaida ya dada mkubwa. Dogo anaelewa Kiswahili chote lakini anajibu kwa Kiingereza. Mjomba anajua pikipiki zote lakini Kiingereza chake ni cha majina ya vipuri. Mama anajua lugha zote mbili na hataki kuongea. Basi nikawa mkalimani.

Nilidhani kazi ingekuwa rahisi: mtoto mrefu, mnunulie pikipiki kubwa. Kila mtu alisema hivyo. Muuzaji wa kwanza tuliyemfuata alikuwa na gereji yake Ajax. Tulikwenda kuangalia pikipiki moja ya wastani. Akamwangalia dogo kuanzia miguuni mpaka kichwani, akaiacha ile tuliyoijia, akasukuma nje nyingine, ya cc 450, ya mashindano. Akasema kwa urefu huu, ile ndogo utachoka nayo ndani ya mwezi, wewe ni mwanamume, chukua hii. Akamuuliza anafanya kazi wapi. Dogo akasema yuko darasa la kumi. Yule mzee akacheka, alidhani ni utani.

Nikampigia mjomba video palepale, nikamwonyesha. Hakucheka. Aliniuliza, "Hiyo ya nani?" Nikasema labda ya dogo. Akasema, "Rudisheni. Hiyo ni simba."

Usiku ule alinifundisha jambo ambalo naomba ulikumbuke kama una mdogo wako anayetaka kitu kama hiki: cc peke yake haikuambii kitu. Ukiingia kwenye matangazo ya pikipiki zilizotumika, hapa Toronto na miji ya jirani, utakutana na koo mbili ambazo kwa macho zinafanana. Kuna za mashindano, na kuna za njia za msituni. Honda wana CRF250R na CRF250F. Namba moja, rangi nyekundu ileile, tofauti ni herufi ya mwisho. Ya R ni ya kurukia vilima uwanjani, na nguvu zake ni karibu mara mbili ya ile ya F. Yamaha nao wana YZ125 na TT-R125, zote cc 125. TT-R unaweza kumfundishia mtoto. YZ ni ya mipigo miwili, ile injini ambayo petroli inachanganywa na oili, na tabia yake ni kwamba chini inalala, inalala, halafu resi zikifika juu inaamka yote kwa mpigo. Anayejua anaipenda kwa sababu hiyohiyo. Asiyejua inamtupa kwa sababu hiyohiyo. Hiyo 450 ya Ajax, za aina yake huwa na nguvu za farasi zaidi ya 50.

Mjomba alieleza vizuri kinachotokea. Mgeni akigonga jiwe, mwili unarudi nyuma. Mwili ukirudi nyuma, mkono wa kulia unavutwa nao. Mkono ukivutwa, unafungua resi bila kukusudia. Pikipiki inaruka mbele, mwili unarudi nyuma zaidi, resi inafunguka zaidi. Yote hayo ni sekunde moja. Injini ya upole inakusamehe hapo, inaguna tu na kusogea kidogo. Injini ya mashindano haisamehi.

"Kwa hiyo," akasema, "huyo mtoto anahitaji vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya. Anahitaji siti ya mtu mrefu, na injini ya mtu mgeni."

Halafu akatupa maswali matatu ya kwenda nayo kwa kila muuzaji. La kwanza: akikaa, nyayo zinafika wapi? La pili: akisimama juu ya vikanyagio, mgongo unakunja? La tatu: ikilala chini, ataiinua mwenyewe?

Kwa swali la kwanza tulianza na kipimo cha nyumbani. Simama ukutani bila viatu, bana kitabu katikati ya mapaja kama umekalia tandiko, weka alama ukutani, pima mpaka sakafuni. Dogo alitoka na sentimita 89. Halafu tukaandika urefu wa siti za pikipiki za kujifunzia, zote za mipigo minne, zote za upole:

Honda CRF125F ya magurudumu makubwa, kama sentimita 78 na nusu. Yamaha TT-R125LE, 80 na nusu. Yamaha TT-R230, 87. Honda CRF250F, 88. Kawasaki KLX230R, 92.

Hapo ndo picha ilikaa sawa. Zile mbili za kwanza ni nzuri sana kwa mtu wa kimo cha kawaida, hata mama angeweza kujifunzia. Kwa dogo magoti yangerudi kwenye usukani, na mtu aliyekunjwa hivyo hawezi kusimama haraka pikipiki inapoyumba. Porini nusu ya kazi unaifanya umesimama. Zile tatu za mwisho ndo zake. Hata ile ya 92 si ndefu kama inavyosikika, maana ukikaa shokapu zinalala sentimita kadhaa, na buti zinaongeza kidogo. Si lazima unyayo wote ukae chini, nusu ya mbele ya miguu yote miwili inatosha.

Swali la pili lina dawa. Kama siti inafaa lakini usukani uko chini, fundi anaweka vipande vya chuma vya kuuinua. Siti yenyewe inaweza kuongezwa sponji. Hivyo ni vitu vya dola chache ukilinganisha na kununua pikipiki isiyo yako. Mjomba alifurahi kusikia vinauzwa dukani. Yeye huwa anavichonga.

Swali la tatu tulichekwa nalo. Hizi pikipiki zina uzito: TT-R230 ni kama kilo 114, CRF250F ni kama kilo 120. Muuzaji wa pili, mama mmoja huko karibu na Lindsay, alikuwa na TT-R230 ya mwanawe aliyehamia mjini. Tukamwomba kwa adabu: tunaweza kuilaza kwenye nyasi? Akashangaa. Nikamweleza kwamba mjomba wetu wa Afrika anataka kuona kama mtoto ataiinua. Akasema, "Mjomba wenu ana akili," akaenda kuleta kiti akae atazame.

Dogo akailaza polepole. Mara ya kwanza aliinama akaivuta kwa mikono. Haikusogea. Mjomba kwenye simu anapiga kelele, "Goti! Tumia goti! Mgongo ni wa kulalia!" Nikatafsiri. Akachuchumaa, akashika usukani kwa mkono mmoja na chasisi kwa mwingine, akasukuma kwa miguu. Ikasimama. Akatazama kamera akasema, kwa Kiswahili, bila mtu kumwomba: "Mjomba, umeona?"

Mjomba aliendelea na ukaguzi wake. Nishike injini kwanza kabla haijawashwa, kama ni ya moto basi kuna mtu ameipasha kuficha kwamba ikiwa ya baridi haiwaki. Ilikuwa baridi. Iwashwe. Hiyo pikipiki haina kiki, ni ya stata, na ina kabureta, kwa hiyo asubuhi inataka kuvutiwa choki. Ikawaka. Tuvute cheni kwa nyuma ya sproketi, kama inaachia meno imechoka. Ilikuwa imelegea kidogo lakini nzima. Tuangalie rangi ya oili. Tusome namba ya chasisi tulinganishe na karatasi ya umiliki, maana pikipiki nyingi za bei ya kutupa ni za wizi. Namba zikafanana. Bei, dola 2,900. Tukasema tutarudi. Mama alikuwa bado.

Niseme na hili, maana ndilo lililokuwa linaniamsha usiku. Ontario pikipiki ya aina hii lazima isajiliwe, iwe na namba, iwe na bima, na unavaa helmeti, isipokuwa ukiwa ndani ya ardhi yako mwenyewe. Bustani za jiji la Toronto haziruhusiwi. Barabara za jiji nazo haziruhusiwi. Hayo ni sheria na yana sababu. Lakini mi nilikuwa nawaza kingine. Huyu dogo alipokuwa na miaka 10, mama mmoja kwenye bembea alimwambia aondoke, pale ni pa watoto. Alipokuwa na miaka 12 mlinzi wa duka moja alimfuata njia nzima, kutoka kwenye biskuti mpaka kwenye sabuni. Wewe unayesoma, kama una kaka mweusi aliyerefuka mapema katika jiji hili, sina haja ya kukuchorea. Nilijiuliza, siku akisimamishwa na pikipiki, nani ataamini kwamba ana miaka 15?

Na tusiwasingizie watu wa nje tu. Nyumbani pia. Nani alibeba friji tulipohama? Dogo. Nani anaambiwa "wewe mkubwa, acha kulia"? Dogo. Mwalimu mmoja wa madrasa alimpanga na watu wa miaka 18, eti anaziba wenzake wasione ubao. Waswahili walishasema, ukubwa jalala: ukishaitwa mkubwa, kila mtu anakutupia takataka zake. Sasa wewe hebu fikiria jalala lenye miaka 15.

Jumapili jioni baba akampigia mjomba, akaweka simu katikati ya meza, sauti ya juu, sahani hazijaondolewa. Mama akataka kuinuka. Mjomba akasema, "Dada, kaa. Leo nataka kumwambia mtoto habari ya mguu."

Mimi habari ya mguu niliijua hivi: mjomba alianguka na pikipiki, basi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa ikisemwa.

Mjomba akasema: "Mwaka 1999 nilikuwa na miaka 17. Nilikuwa mrefu kama wewe, mwembamba hivyohivyo. Mfanyabiashara mmoja wa machungwa akaniona sokoni. Akaniambia, wewe kijana mkubwa, miguu inafika, njoo unifanyie kazi. Akanipa pikipiki ndefu, ya mipigo miwili, alinunua mnadani. Niwe napanda nayo milimani kupeleka hela na kuleta hesabu. Mimi nilikuwa najua baiskeli tu. Akaniuliza, unajua kuendesha? Nikasema najua."

Dogo akauliza, na hapa nakumbuka vizuri kwa sababu sikutafsiri, aliuliza mwenyewe: "Kwa nini ulisema unajua?"

"Ningesemaje sijui? Mimi ndo mkubwa wa nyumba."

Aliendesha wiki mbili kwa gia ya kwanza na ya pili, akijifunza njiani, usiku anasikia aibu kumuuliza mtu klachi inaachiwaje. Wiki ya tatu mvua ikanyesha. Kwenye kona ya kupanda tairi la nyuma likateleza, mwili ukarudi nyuma, mkono ukafungua resi. Lile somo alilonipa la jiwe na mkono, kumbe alikuwa anasimulia maisha yake. Mguu ulivunjika sehemu mbili na haukuunga sawa.

Mama alikuwa anatazama kitambaa cha meza. Akasema taratibu, "Mimi ndiye niliyemwambia."

Alikuwa amefika Toronto mwaka 1998. Bibi alikuwa mgonjwa, babu ameshafariki. Mama alinunua kadi ya simu ya kukwangua, akapiga simu ya duka la jirani kule Muheza, akasubiri waende kumwita mdogo wake, dakika zinakatika. Alipofika akamwambia: wewe sasa ndiye mkubwa hapo, tafuta kazi umsaidie mama. "Alikuwa na miaka 17," mama akasema. "Nilimwona mkubwa kwa sababu alishanizidi kimo."

Hakuna aliyesema kitu. Halafu simu ikasema, "Dada. Mguu ulivunjwa na tope."

Mama akacheka, akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akaenda jikoni kupika chai ambayo hakuna aliyeiomba. Miaka yote mi nilidhani mama anaogopa pikipiki.

Mjomba hakumaliza. Akasema yale maswali matatu yalikuwa ya pikipiki, na kuna la nne, la mwendeshaji. "Ukiwa hujui, utasema?"

Dogo akafanya ule mtindo wake wa kunyanyua mabega. Mjomba akasema mabega hayasikiki kwenye simu. Dogo akasema, "Nitasema."

"Sema sasa hivi. Klachi unaijua?"

"Kidogo."

"Kidogo ni nini?"

"Sijui vizuri," dogo akasema.

"Haya. Mnunulieni."

Mama alirudi na chai na masharti. Vifaa kwanza, pikipiki baadaye: helmeti mpya, si ya mtu, maana helmeti iliyokwisha kuanguka huwezi kuona ufa wake kwa nje. Miwani, glavu, kinga ya kifua na magoti, na buti zile ngumu zinazofika karibu na goti. Buti alilipia yeye mwenyewe, na ndizo zilikuwa ghali kuliko vyote. Alimpeleka dogo dukani, akamtembeza nazo dukani mle kama mtoto wa miaka mitano anayejaribishwa viatu vya Idi, akibonyeza vidole kuona nafasi. Muuzaji akaanza kuongea na dogo mambo ya bei. Mama akamwambia, "Ongea na mimi. Huyu ni mtoto."

Tulirudi Lindsay Jumamosi iliyofuata. Kwa nini TT-R230 na si KLX230R ambayo ni ndefu zaidi? Kwa sababu ilikuwepo, ilikuwa nzima, na alikuwa ameshainua. Usukani ukainuliwa. Baba akaisajili kwa jina lake ServiceOntario, akachukua bima, namba ikafungwa. Ukinunua, usiruke hatua hii ukidhani ni ya baadaye. Kwa kijana kama wetu, zile karatasi ni sehemu ya helmeti.

Siku ya kwanza tulikwenda Ganaraska. Ni msitu wa zaidi ya hekta 4,000, unatoka nao Toronto kwa 401 kuelekea mashariki halafu unapanda kaskazini, kama saa moja na zaidi. Unalipia pasi, na kuna njia zilizotengwa kwa ajili ya pikipiki, kwa hiyo soma ramani kabla hujawasha. Ukifika utaona misonobari imesimama kwa mistari iliyonyooka kama shamba la mkonge. Sababu ni kwamba ilipandwa kwa mikono. Walowezi wa karne ya 19 walikata msitu wote wakalima, ardhi ikachoka, ikabaki mchanga unaopeperuka, na kuanzia miaka ya 1940 watu wakaanza kupanda miti kuuzuia. Mchanga bado upo chini. Dogo aliujua ndani ya dakika kumi.

Alianguka mara nne. Niliandika. Mara ya kwanza alisahau klachi wakati wa kusimama, ikazima, akalala nayo polepole kama mti unaofikiria. Mara mbili ni mchanga, tairi la mbele likajizika. Ya nne sikuiona. Zote aliinua mwenyewe, kwa goti.

Baada ya chakula tukafika chini ya kilima cha mchanga. Kundi la watu wazima lilikuwa linapanda mmoja mmoja kwa kelele. Mmoja wao akamwona dogo amekaa pale na helmeti yake, mrefu kuliko wote, akampungia mkono: twende, zamu yako. Nikaona mabega yanapanda. Namjua huyu mtoto. Namjua akianza kujikaza.

Akafungua kioo cha helmeti, akamwambia yule bwana kwamba hii ni siku yake ya kwanza na hajui kupanda pale. Yule bwana akasema, "Ah, basi," akazima injini, akashuka, akamwonyesha kwa mikono namna ya kusimama juu ya vikanyagio na kuweka kifua mbele. Hawakupanda. Walizunguka kwa njia ya chini, yule bwana mbele, dogo nyuma, gia ya pili.

Jioni nikiwa naandaa ujumbe wa kumtumia mjomba, dogo akachukua simu. Akarekodi mwenyewe. Kiswahili chake kilikuwa na mashimo kama barabara ya masika: "Mjomba, shikamoo. Leo nimeanguka nne. Nimeinua nne. Kulikuwa na kilima, nikasema sijui."

Mjomba alijibu ujumbe wa dakika sita kuhusu upepo wa tairi kwenye mchanga. Dogo aliusikiliza mara tatu, akauliza neno moja tu. Sasa wana mazungumzo yao ambayo mimi simo. Juzi nilisikia kutoka chumbani kwake mtu anabishana kwa Kiswahili kuhusu kulegeza cheni, na sikuitwa kutafsiri.

Kama na wewe una dogo mrefu nyumbani, mpime mguu, muulize yale maswali manne, halafu ututumie ujumbe wa sauti utuambie kwenu pikipiki hizi mnaziitaje. Tutazicheza kwenye kipindi kijacho. Mjomba ameahidi kusikiliza, na ameahidi kucheka.